Naenda kumwona binti ninayemfadhili: niende vipi?

Swali: Shikamoo mama. Mimi ni mzaliwa wa Moshi, muuguzi huku Uingereza. Kwa miaka sita sasa namfadhili binti wa kijiji kimoja wilayani Kongwa, mkoani Dodoma, kupitia shirika la watoto. Nilimpata akiwa na miaka mitano, sasa ana kumi na mmoja, analelewa na mama yake na bibi yake. Desemba tunakuja nyumbani na mume wangu, ambaye ni Mwingereza, na mwanetu wa kiume wa miaka minane, na nataka tumwone kwa mara ya kwanza. Mama yangu na binamu zangu wanataka twende wote, Noah moja. Nimeshamnunulia tableti. Ila shirika linanizungusha: fomu, ukaguzi wa rekodi za polisi, taarifa miezi miwili kabla, na mkalimani juu! Mimi si mgeni Tanzania. Hivi siwezi kupita tu kijijini? Tena barua zake ni fupi na zinafanana. Naogopa nitafika na atanitazama kama mtu asiyemjua. Nimpe nini, nimwambie nini, na mama yake nimwachie pesa kidogo?

Jibu: Marahaba mwanangu. Nianze na hofu yako. Ndiyo, atakutazama kama mtu asiyemjua, kwa sababu hakujui. Wewe una picha zake za miaka yote hiyo na umezitazama mara nyingi jikoni kwako. Yeye ana jina lako, kadi chache za Krismasi na pengine picha moja ya watu waliovaa makoti. Msichana aliyelelewa vizuri kijijini, akiletewa mgeni mkubwa, huinamisha macho, hupiga goti kidogo, husalimia kwa sauti ya chini kisha husogea karibu na mama yake. Hiyo ni adabu, na ni mama yake aliyemfundisha. Ukienda ukitarajia akurukie shingoni utaumia bure, naye ataona umeumia, atadhani amekosea.

Barua zinafanana kwa sababu mara nyingi huandikwa siku moja, watoto wamekaa pamoja, mwalimu au mhudumu wa mradi akiwakumbusha: msalimie, mweleze masomo, mweleze kama mvua imenyesha, mshukuru. Mtoto huyu hakuzoezwa kumwandikia mtu mzima mambo ya moyoni. Ukitaka kumjua, tazama michoro yake. Ile nyumba ina watu wangapi? Nani amechorwa mkubwa kuliko wote? Halafu kuna jambo wafadhili Watanzania walioko nje huwa hawaliulizi: pengine unaandika kwa Kiingereza kwenye tovuti ya shirika, mtu mwingine anatafsiri, ndipo inafika kijijini. Uliza ofisini kama unaweza kumwandikia Kiswahili moja kwa moja. Barua mbili tatu kabla ya Desemba, zenye mambo madogo ya nyumbani kwenu, mwanao anapenda kula nini, somo gani lilikusumbua ulipokuwa darasa la tano, zitamwandaa kuliko chochote utakachobeba kwenye begi.

Sasa kuhusu fomu. Hapa sitakubembeleza. Wewe ni muuguzi. Hukuruhusiwa kuwagusa wagonjwa Uingereza kabla rekodi yako haijakaguliwa, na hukuona kwamba umetukanwa. Mtoto wa Kongwa anastahili ulinzi uleule. Watu wenye nia mbaya wanajua kwamba ufadhili ni mlango wa kuingilia nyumba za maskini, na karatasi hizo ndizo zinazoufunga. Kuzaliwa Moshi hakukuondoi kwenye utaratibu. Shirika ambalo lingekuruhusu upite tu kijijini ningekushauri ulihame, kwa kuwa linalokuruhusu wewe limemruhusu kila mtu. Kwa sababu hiyohiyo, siku ya ziara hutaachwa peke yako na mtoto, hata kidogo, wala hutamchukua kwenye gari lako kwenda kumnunulia soda Kibaigwa. Mhudumu wa mradi atakuwepo muda wote. Usimwone kama askari. Atakusaidia sana, utaona.

Mkalimani naye usimkatae. Binti anazungumza Kiswahili cha shule, lakini nyumbani kwao huenda ni Kigogo tangu asubuhi hadi usiku, na bibi yake anaweza kuwa anasikia Kiswahili vizuri lakini yale mazito ayasemee Kigogo. Ukienda bila mtu wa kumtafsiria, utaondoka umezungumza na mtoto na mama, na bibi amekaa kimya pembeni, kumbe ndiye mwenye nyumba. Jifunze angalau salamu, "Mbukwenyi". Bibi akiisikia kutoka kwa mume wako atacheka, na kicheko hicho kitakufungulia mengi.

Noah ya binamu, hapana. Nendeni watatu. Kila mtu mzima unayemwongeza ni kiti cha kuazima, sahani ya kuazima, na macho mawili zaidi yanayomtazama mtoto mmoja. Mama yako mweleze kwa upole kwamba ni ziara ya ofisi na idadi imewekwa. Ni kweli, utakuta imewekwa.

Baada ya hayo, nije kwenye jambo ninalolitaka ulibebe kuliko yote. Umeniuliza utamwambia nini mtoto, utampa nini mtoto. Mimi nakuomba umfikirie mama yake. Kwa miaka mingi nimeandaa ziara za wafadhili Dodoma na Singida, na ziara zilizoharibika karibu zote ziliharibikia kwa mzazi: alidharauliwa mbele ya mwanawe na mtu ambaye hakukusudia kumdharau.

Utaratibu huu wa kumuunganisha mtoto mmoja na mtu mmoja wa mbali kwa barua ulikulia vitani. Shirika ambalo leo linaitwa Plan International lilianza mwaka 1937, wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Hispania, na wafadhili wake waliitwa wazazi walezi. World Vision (1950) na Compassion (1952) nazo chimbuko lao linahusiana na watoto wa Korea ya miaka ile ya vita. Wengi wa watoto wale walikuwa yatima au wametenganishwa na wazazi wao, kwa hiyo mfadhili kujiona mzazi haikuwa ajabu. Binti yako ana mama. Ana bibi. Wamemlea wakati wa njaa na wakati wa mavuno, wamemkesha akiwa na malaria. Mchango wako wa kila mwezi umewasaidia, haukuchukua nafasi yao. Siku ukifika, mtoto anapaswa kuona kwamba mgeni aliyetoka Ulaya anamheshimu mama yake. Akiona hivyo, naye atakuthamini.

Kwa hiyo hivi ndivyo siku itakavyokwenda. Yaelekea mtapita kwanza ofisi ya kijiji, mtasaini kitabu cha wageni, mwenyekiti atawakaribisha kwa maneno marefu kidogo. Msikilizeni. Mtafika nyumbani na kukuta uwanja umefagiwa, viti vimepangwa kivulini. Baadhi ni vya majirani. Mama amevaa kitenge chake kizuri. Inawezekana tangu alfajiri wako tayari, kwa hiyo msichelewe, na mkichelewa msiseme ni barabara tu, ombeni radhi. Msalimie bibi kwanza, shikamoo ya kuinama, kisha mama, kisha watu wazima wengine, ndipo mtoto. Mwambie mume wako mpangilio huu kabla hamjashuka kwenye gari, maana yeye atatafuta uso wa mtoto kwanza. Mkikaribishwa kwenye viti, kaeni kwenye viti. Msing'ang'anie kukaa chini ili kuonyesha unyenyekevu. Walivitafuta kwa ajili yenu.

Ukishaketi, mshukuru mama kwa sauti ambayo mtoto anaisikia. Sema ulilokuja nalo: "Umemlea vizuri. Asante kwa kutukaribisha kwako." Basi. Usiseme "nimemsomesha", usiseme "mwanangu mimi" mbele ya aliyemzaa, hata kama tumezoea kumwita kila mtoto mwanangu. Usiulize baba yuko wapi, nani alifariki na kwa ugonjwa gani. Kama mhudumu wa mradi anajua na unahitaji kujua, atakuambia kando. Na machozi, mwanangu. Yakikujia, simama, omba uonyeshwe bustani au zizi, vuta pumzi. Watoto wengi hudhani mgeni akilia kuna jambo baya limetokea nyumbani kwao.

Chakula kitakuja. Pengine wali na kuku badala ya ugali na mlenda wa kila siku, na kuku huyo alikuwa akitaga wiki iliyopita. Kuleni. Msiseme mmeshiba, msitoe chupa zenu za maji kama vile ya pale yana sumu. Kama tumbo la mtoto wako ni la mashaka, mweleze mhudumu mapema naye atapanga maji ya kunywa ya chupa kwa wote. Lakini msikombe bakuli. Katika nyumba nyingi watoto hula baada ya wageni, na kile mtakachobakiza ndicho watakachokipata.

Mtakapoaga, watawapa kitu. Karanga, mayai, au jogoo aliyefungwa miguu. Hapa ndipo wafadhili wengi hukosea kwa huruma: "Jamani, hapana, bakini naye, nyie mnamhitaji." Ukimkataa yule jogoo umemwambia mama kwamba yeye ni wa kupokea tu maisha yake yote. Mpokee kwa mikono miwili, mshukuru, mshike, cheka naye. Kisha kama huwezi kusafiri naye, omba akulelee hapohapo nyumbani mpaka siku nyingine. Hilo linaeleweka na halimvunjii mtu heshima.

Na mtoto je? Mwache akuzoee kupitia kazi na michezo. Mwombe akuonyeshe madaftari yake, mahali anapochota maji, mbuzi ambao ni zamu yake kuwachunga, rafiki yake mkubwa. Maswali ya "unajisikiaje?" hayatakupeleka popote; "huyu mbuzi ni wa nani?" litakupeleka mbali. Mpira uje nao, na huyo mvulana wako ndiye atakayeivunja barafu yote. Wasichana wa umri huo wanacheza rede, na hawahitaji lugha kumfundisha mtoto wa Kiingereza kukwepa mpira. Nimeona mara nyingi: watu wazima wanatafuta maneno kivulini, watoto nyuma ya nyumba wameshagawana timu. Mtayarishe mwanao mapema, lakini, kwamba siku hiyo mama yake atamshika mtoto mwingine mkono, na kwamba asishangae choo kwa sauti.

Zawadi iliyo bora hainunuliwi. Chukua barua na michoro yote aliyokutumia, iweke kwenye albamu pamoja na picha ya mchoro wake ulivyobandikwa ukutani kwako, mfunulie ukurasa baada ya ukurasa. Mtoto aliyekuwa akiandika barua bila kujua zinaenda wapi ataona kwamba zilifika. Hapo ndipo huwa wanainua macho.

Tableti iache Uingereza. Shule zetu haziruhusu wanafunzi kuingia na simu wala vifaa kama hivyo, umeme wa kuichaji huenda ni wa kulipia kwa jirani, na kifaa cha bei hiyo katika nyumba ya wanawake wawili kinaita wezi. Juu ya hayo, kinamtenga na wenzake. Kumbuka ana ndugu, na watoto hao hawana mfadhili. Leta vinavyogawanyika: mpira, madaftari, kalamu za rangi, kamba ya kuruka. Yeye mpe kimoja cha kwake kilicho chake kweli, mkoba wa shule au viatu, lakini uliza ofisini namba ya sasa ya mguu wake. Mama na bibi wapelekee doti ya kanga au kitenge kila mmoja, sukari, sabuni, mafuta ya kupikia, kama ambavyo ungefanya ukimtembelea shangazi yako. Nunua Kibaigwa au Dodoma mjini, si uwanja wa ndege wa London. Na mkabidhi mama vyote, agawe yeye. Usigawe wewe.

Pesa taslimu usimwachie, hata kwa kificho mkononi wakati wa kuagana. Najua kwetu tunafanya hivyo kwa ndugu, na najua moyo utakusukuma. Lakini majirani watajua kabla vumbi la gari halijatulia, madeni yatadaiwa jioni ileile, na kesho mzazi mwingine atauliza kwa nini wa kwake hakupewa. Mashirika mengi yana njia ya kutuma zawadi ya familia: unalipa ofisini, mhudumu anakaa na mama, mama anasema anahitaji nini, mabati, mbuzi, gunia la mahindi, na kinanunuliwa kwa risiti. Ni njia ya polepole na ndiyo inayomwacha mama na amani.

Usimuulize mama kama "hela zinafika". Swali hilo linaweza kumfedhehesha, tena huenda hela hizo hazijui kabisa. Mashirika hayafanani. World Vision, kwa mfano, huunganisha michango ya wafadhili wa eneo moja ikafanya kazi za jamii nzima, maji, shule, afya, bila mtoto kukabidhiwa fungu lake. Compassion hufanya kazi kupitia makanisa ya mahali, na mtoto anahudhuria kituo. Swali la fedha ni halali kabisa, ila liulize ofisini, kabla ya ziara, na udai jibu la maandishi. Kwa mama uliza jingine: gharama gani za shule zinakusumbua? Ada katika shule za serikali za msingi na sekondari za chini ilishaondolewa, lakini sare, madaftari na michango ya chakula bado vinamngoja mzazi, na mwaka ambao mvua imekataa Kongwa, hivyo vidogo ndivyo vinavyomtoa msichana darasani.

Kama unaogopa kukuta hakuna kilichobadilika, nikutie moyo kwa jambo lililopimwa. Mwaka 2013 wachumi Wydick, Glewwe na Rutledge walichapisha utafiti juu ya watu wazima 10,144 wa nchi sita, Kenya na Uganda zikiwemo, wakiwalinganisha waliofadhiliwa utotoni kupitia Compassion na wasiofadhiliwa. Waliofadhiliwa walikuwa wamesoma kwa wastani kati ya mwaka 1.03 na 1.46 zaidi. Mwaka mmoja na ushee darasani, kwa msichana wa kijijini, ni mkubwa. Lakini huwezi kuuona uwanjani kwao kwa saa tatu. Nyumba inaweza kuwa ileile ya tembe, na mtoto ndani yake akawa anasoma vizuri.

Anaweza kukuuliza, au ndugu mmoja akamsukuma aulize: "Utanichukua Uingereza?" Jibu papo hapo, kwa ukweli na bila kucheka: "Hapana, kwenu ni hapa, na mimi nitaendelea kukuandikia." Usiseme "tutaona". Neno hilo mtoto atalala nalo miaka. Vilevile usiahidi kurudi mwakani, usiahidi chuo, usibadilishane namba za simu wala Facebook. Mawasiliano yapite ofisini, yanamlinda yeye dhidi ya watu wengine na yanakulinda wewe dhidi ya maombi ya ukoo mzima.

Picha piga kwa ruhusa ya mama, na mtoto mwenyewe umuulize. Ukiziweka mtandaoni, jina lake, shule na kijiji visionekane, na zima ile sehemu ya simu inayorekodi mahali. Na ikitokea ukaona jambo linalokutia shaka, alama za kipigo, maneno ya kumwozesha, usihoji pale nyumbani. Mwambie mhudumu garini, ashughulike na afisa ustawi wa jamii. Sheria ya Mtoto ya 2009 ipo, na namba ya bure ya kuwasaidia watoto, 116, ipo. Wiki chache baada ya kurudi, tuma barua na picha zilizosafishwa, moja ya mtoto na nyingine ya mama na bibi yake pamoja. Ya pili wataitundika.

Limebaki la tarehe. Desemba mvua za Kongwa ndipo zinaanza, njia za vijijini huteleza, na mama yuko shambani kuwahi kupanda; siku atakayokaa na wewe ni siku ya jembe. Kama likizo yako inaweza kusogea, njoo mwishoni mwa Juni au mwanzoni mwa Julai, mavuno yakiwa ndani na watu wana nafasi. Kama haisogei, mwombe mhudumu amuulize mama ni siku gani ya juma hataumia, hata ikiwa Jumapili mchana baada ya ibada, na wewe ndiye uipange safari ya Moshi kuizunguka hiyo. Fomu zitume wiki hii. Miezi miwili wanayodai inaisha upesi kuliko unavyofikiri, na barua ya kwanza ya Kiswahili iende pamoja nazo.